Kompyuta ya bodi imekufa: je, nikichomeka ya gari lingine itafanya kazi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu lina umri wa miaka kumi hivi. Indiketa zinawaka zenyewe, waipa zinafuta kioo kikavu, milango inajifunga nikiwa ndani, na asubuhi nyingine nakuta betri imeisha kabisa. Fundi wangu ameunganisha skana, ikaleta kodi ya hitilafu U0140, akasema kompyuta ya bodi, yaani BCM, ile inayosimamia taa, waipa na kufuli za milango, imekufa. Nimepata iliyotolewa kwenye gari la aina ileile. Namba zake zinafanana na za kwangu isipokuwa herufi ya mwisho. Nikiichomeka tu itafanya kazi? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?

JIBU: Salama, ndugu msomaji. Pesa yako ishike kwanza. Dalili ulizotaja zinaweza kweli kutoka kwenye BCM, lakini hizohizo hutokea betri ikiwa dhaifu, ethi (waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari) ikilegea au maji yakiingia kwenye plagi, na mambo hayo matatu nayakuta mara nyingi zaidi kuliko BCM iliyokufa yenyewe.

U0140 haisemi kwamba BCM imekufa. Inasema kompyuta nyingine za gari zimeiita na haikuitika. Asiyeitika huenda kafa kweli, lakini huenda pia kakosa umeme, au waya wa mawasiliano umekatika njiani. Skana imekuonyesha pa kuanzia kutafuta, haijakupa hukumu.

Anza na betri. Ikiwa na chaji kamili na imepumzika usiku kucha, isome karibu volti 12.6; injini ikiunguruma, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Kisha angalia fyuzi zote zinazolisha BCM, maana kwa kawaida ni zaidi ya moja. Ndiyo sababu unaweza kukuta taa zinafanya kazi ilhali kufuli za milango zimekufa: njia moja ya umeme imekatika, nyingine ni nzima.

Ethi ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu huipima wakati hakuna kinachotumia umeme. Waya uliobakiza uzi mmoja utapita kipimo cha omu vizuri kabisa. Acha plagi ikiwa imechomekwa, washa taa na feni, weka ncha moja ya multimita kwenye terminali hasi ya betri na nyingine nyuma ya pini ya ethi ya BCM. Ukisoma zaidi ya volti 0.1 au 0.2, ethi hiyo inakudanganya. Safisha pale ilipofungwa kwenye chuma cha gari, kaza, kisha upime upya.

Halafu inua zulia. Kwenye magari mengi BCM hukaa chini ya dashibodi, na maji hufika huko kupitia gundi ya kioo cha mbele iliyoachia, mipira ya kutolea maji ya dirisha la paa iliyoziba, au bomba la maji ya kiyoyozi. Zulia likiwa na unyevu na pini zina ukungu wa kijani, umeshapata chanzo, hata kama BCM nayo itahitaji kubadilishwa baadaye.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji kufungua chochote. Ikiwa skana inafika kwenye BCM, hata kwa kubahatisha, fungua ukurasa wa data hai, unaoonyesha kinachotokea papo hapo, na utazame swichi ya waipa. Waipa zikifuta huku data inaonyesha swichi imewashwa, na mkono wako uko mbali, basi BCM inatii tu amri inayoletewa: tafuta kwenye swichi au waya wake. Data ikionyesha imezimwa na waipa bado zinafuta, chomoa relei, yaani swichi ndogo ya umeme inayowasha mota ya waipa. Zikiendelea, umeme unatoka kwenye waya uliogusana mbele ya relei. Zikisimama, badilisha relei hiyo na nyingine inayolingana nayo. Tatizo likirudi, sasa ndipo una haki ya kuishuku BCM.

Mawasiliano nayo yanapimika. Kata betri, kisha pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD, ile inayochomekwa skana. Kwenye mtandao wa CAN, yaani waya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumza kupitia kwazo, ukiwa mzima utasoma karibu 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, waya mbili zimegusana. Ila magari mengine yana kompyuta ya kati nyuma ya soketi hiyo, na kipimo hicho huishia hapo, kwa hiyo uwe na mchoro wa waya wa gari lako.

Tuseme umepima yote na BCM imekufa kweli. Hiyo uliyoipata siinunui. Herufi ya mwisho haikuwekwa kwa mapambo: inaweza kuwa alama ya programu tofauti au ya gari lisilo na vifaa ulivyo navyo. Hata namba zote zingefanana, ndani yake kuna namba ya chesi ya gari lile, orodha ya vifaa vyake na, kwenye magari mengi, funguo zake. Pale imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayotambua ufunguo, inapokaa ndani ya BCM, utaichomeka na injini haitawaka. Magari mengine huweka humo hata kumbukumbu ya kilomita.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni BCM mpya, iandikwe namba ya chesi yako, ipewe mpangilio wa gari lako na kufundishwa funguo. Ya pili ni iliyotumika yenye namba ileile kamili, kisha data yote ihamishwe kutoka kwenye chipu ya kumbukumbu ya ile ya zamani. Mimi huchagua ya pili pale ambapo chipu ya zamani bado inasomeka, kwa sababu gari haligundui kwamba kuna kilichobadilika na funguo hubaki zilezile. Kama chipu imeungua, nenda kwenye mpya. Kwa vyovyote, data isomwe na kuhifadhiwa kabla BCM ya zamani haijatupwa. Na wakati wa kuprogramu gari liunganishwe na chaja inayoshikilia volti bila kuyumba. Umeme ukishuka katikati, hiyo mpya nayo inaweza kufa.

Kufungua na kufunga unaweza mwenyewe. Kata terminali hasi, subiri dakika kadhaa, na plagi za njano usiziguse, hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Kuprogramu mwachie mwenye vifaa. Kabla ya kumpelekea, tafuta kilichoua ile ya kwanza: kagua waya zinazokunjwa kwenye bawaba za milango na buti, na alamu yoyote iliyofungwa baadaye. Usipoondoa shoti, utanunua nyingine.

Mwisho, ile betri inayoisha. Kazi ikikamilika, unganisha ampia mita kati ya terminali hasi na waya wake uliouchomoa, funga gari kwa rimoti na uliache lilale. Magari mengine huchukua nusu saa au zaidi. Umeme unaobaki usizidi miliampia 50 hivi. Ukizidi, usichomoe fyuzi moja moja, maana kuzirudisha huamsha kompyuta na kipimo kinaharibika. Ziache mahali pake, pima milivolti juu ya kila fyuzi, na ile isiyosoma sifuri ndiyo njia ya kuifuata.