Kabla ya kuomba kontena la vitabu, punguzeni vilivyopo

Mkuu, umesema maktaba yenu ya umma ina vitabu kama elfu nne, wasomaji hawafiki kumi kwa siku, na kamati inataka kuomba kontena la vitabu vya msaada. Nawasihi barua hiyo isubiri. Rafu zilizobanana vitabu vilivyopitwa na wakati ndizo zinazofukuza watu, na kontena la vitabu msivyochagua wenyewe litaongeza mzigo uleule.

Anzeni kwa kuchambua. Toeni rafu nzima, vitabu vikae mezani, kisha mkutubi ashike kimoja kimoja na kufungua karatasi ya tarehe iliyogundishwa ndani ya jalada. Kama mhuri wa mwisho una miaka mitano, kiwekwe pembeni. Vya tiba, sheria na kompyuta vikaguliwe kwa ukali zaidi, maana kitabu chenye kipimo cha dawa kilichokwisha badilishwa kinaweza kumdhuru mtu. Cha watoto kinachosema sayari ni tisa kimepitwa tangu 2006. Lakini historia ya eneo lenu na maandishi ya lugha za hapo msiyaguse, hata kama hayajaazimwa miaka 20. Yakitupwa, huenda hayapatikani tena popote.

Pateni kwanza kibali cha maandishi cha mwenye mali, awe halmashauri au wizara. Kila kinachotoka kipigwe mhuri wa KIMEONDOLEWA na kifutwe kwenye rejista, la sivyo mtu mwema atakiokota na kukirudisha. Ikitoka theluthi nzima msiogope. Rafu ikijaa theluthi mbili inatosha, na nafasi inayobaki simamisheni vitabu vitatu vinne vikitazama mbele. Mpita njia huvutwa na picha ya jalada. Mgongo uliopauka haumwiti mtu.

Vyenye ukungu msivipanguse humo ndani, vumbi lake litahamia kwa vingine. Vitieni kwenye mfuko, vitoeni nje, vikauke kivulini penye upepo, kisha mtu aliyevaa barakoa avipanguse kwa brashi laini. Rafu ziachane na ukuta kwa sentimita 5 hadi 10 ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema. Kurasa zilizochomoka zisibandikwe selotepu, kwani gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Pakeni gundi nyeupe ya PVA, kidogo tu, kwa brashi nyembamba, kisha kitabu kilale chini ya uzito usiku kucha.

Halafu saa za kufungua, na hapa ndipo maktaba nyingi hufia. Ukifungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, wanafunzi wako darasani na wazazi wao kazini. Kwa wiki mbili chora mstari kwa kila anayeingia, saa kwa saa, na mlinzi achore kwa kila anayekuta mlango umefungwa. Kisha hamisheni saa bila kuziongeza: mfano saa sita mchana hadi saa moja jioni, na Jumamosi badala ya Jumatatu. Mshahara haupandi.

Faini za kuchelewesha zifuteni pia. Mzazi anayeogopa deni hamruhusu mtoto kuazima, na aliyechelewa harudi tena yeye wala kitabu. Maktaba ya umma ya Chicago ilizifuta mwaka 2019, na vitabu vilivyopotelea majumbani vikaanza kurudi.

Programu ya kompyuta ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu isubiri hadi uchambuzi uishe, msije mkaingiza taarifa za vitabu vya kutupa. Iitwayo Koha ni nzuri na ni ya bure, ila inahitaji fundi wa kuitunza. Kwa vitabu elfu mbili au tatu daftari na kadi vinatosha kuanzia.

Mezani pa mkutubi wekeni daftari jingine lenye swali moja: umekuja kutafuta nini ukakosa? Likikaa miezi mitatu, barua ya msaada itakuwa imejiandika: majina ya vitabu, lugha, idadi ya nakala, na sentensi moja kwamba visivyo kwenye orodha havitapokelewa.