Kabla na baada: nilivyorudia Kiingereza cha kidato cha nne nikauza omena

Mara ya kwanza nilipofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, Kiingereza kiliniangusha. Nilipata D+, na kozi niliyoitamani ilidai C. Mwaka uliofuata nikajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi hapa Kisumu. Mchana nilimsaidia shangazi kuuza omena, yaani dagaa, sokoni Kibuye, jioni nikarudi kwa vitabu. Nawaandikia nyinyi mlio kidato cha nne, na nyinyi mnaorudia kimyakimya bila kuwaambia majirani, kwa sababu najua hasa alama zangu zilipotelea wapi. Hazikupotea kwa uvivu. Nilisoma sana, ila nilisoma vibaya.

Vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, nilivijua kupitia mwongozo, kijitabu cha kuvifupisha na kuvichambua. Nilikariri maudhui, wahusika na mbinu za uandishi. Ungeniuliza sifa za mhusika, ningekutajia tano kwa mpigo. Ungenifungulia ukurasa na kuniuliza hapa anafanya nini, ningekodoa macho.

Niligundua hilo kwa mwalimu aliyetufundisha jioni. Alitupa dondoo la kitabu teule, kama lile la karatasi ya pili ya Kiingereza ambalo hubeba alama 25 kati ya 80. Swali la kwanza lilitaka tueleze kilichotokea kabla tu ya dondoo hilo na kinachotokea mara baada yake. Nikaandika bila wasiwasi: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Karatasi ilirudi na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, sufuri juu ya nne. Mwalimu akaniambia, "Dada, hili ni jibu zuri sana la Fasihi ya Kiswahili."

Ni kweli. Kwenye Kiswahili tumezoea "eleza muktadha wa dondoo hili", na mkono huandika wenyewe. Swali la Kiingereza lilikuwa jingine: lilitaka tukio lililopakana na dondoo, juu na chini. Ukisimulia mwanzo wa kitabu, au ukifupisha sura nzima, umekosa. Na mwongozo hauwezi kukusaidia hapo, maana sura ya kurasa 20 huibana katika aya mbili.

Nikaanza kusoma upya, kitabu chenyewe, na penseli mkononi. Kila palipobadilika jambo, mtu akiingia, ugomvi ukianza, barua ikifika, niliandika pembeni K kwa kabla na B kwa baada. Askari wa usiku pale sokoni naye alikuwa anarudia mtihani, baba wa watoto watatu. Akiingia zamu saa kumi na mbili, mimi bado nikikung'uta gorogoro, kopo la kupimia, na kufunga magunia, alikichukua kitabu changu, akakifungua popote, akanisomea mistari mitano. Mimi niseme kabla na baada. Nikikosa hakuniambia jibu. Alinirudishia kitabu kikiwa wazi pale pale, nitafute mwenyewe. Nami nilimfanyia vivyo hivyo. Kama huna wa kusoma naye, mtafute. Sijaona mazoezi yaliyonisaidia kuliko haya.

Kuhusu wahusika, jizoeze kutaja sifa kisha uthibitishe papo hapo kwa tendo au neno lililo ndani ya dondoo, si lile unalolikumbuka kutoka sura nyingine, isipokuwa swali limekuruhusu kutoka nje ya dondoo. Na andika kwamba mtu huyu ni mwoga, usiandike woga peke yake. Ni kitu kidogo, lakini niliwaona wenzangu wengi wakikatwa alama hapo.

Insha ya kitabu teule kwenye karatasi ya tatu ina alama 20. Tulifundishwa kuzigawa hivi: utangulizi 2, hoja nne za alama 3 kila moja, hitimisho 2, lugha 4. Ukiiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini kusimulia hadithi mwanzo hadi mwisho hakulipi. Unaweza kujaza kurasa nne safi na bado ukawa na hoja moja tu. Aya ianze na hoja inayojibu swali, kisha tukio linaloithibitisha, kisha uliunganishe tukio hilo na swali. Mimi niliandika moja kila Jumamosi, kwa sababu Jumapili Kibuye hakuna nafasi hata ya kukaa.

Shairi ndilo nililoliogopa zaidi. Nilikuwa nikikimbilia kuwinda tashbihi na istiari kabla sijajua shairi linasema nini. Katika maktaba ya taifa hapa mjini nikajifunza kulisoma mara tatu kwa sauti ya chini, kalamu ikiwa mezani, na kujiuliza kwanza nani anazungumza, na nani, na ana hisia gani. Mbinu huja zenyewe baadaye, na ukiitaja mbinu uonyeshe mstari wake na kazi yake.

Ufahamu: soma agizo. Ukiambiwa uandike kwa vidokezo, usiandike sentensi kamili, na ukiwekewa kikomo cha maneno, yahesabu. Sarufi ni alama 15, na dawa yake ni karatasi za miaka iliyopita, basi.

Karatasi ya pili ina saa mbili na nusu kwa alama 80, yaani karibu dakika mbili kwa kila alama. Dondoo lisizidi dakika 45. Mara ya kwanza lilinichukua zaidi ya saa nzima, nikafika kwenye sarufi mkono ukitetemeka. Mara ya pili niliandika saa ya kumaliza kila sehemu kwa penseli juu ya karatasi kabla ya kusoma swali hata moja, nikaifuata. Nilipata B-. Askari alipata C aliyoitaka, na siku matokeo yalipotoka alikuja kwa meza ya shangazi mchana, bila sare, kutuonyesha simu yake.