Gofri inanata, gofri inalegea: maswali yenu ya asubuhi

Maswali ya safari hii yametoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na yote ni ya gofri, ule mkate laini wa vishimo unaopikwa ndani ya chuma kiitwacho gofrie. Yaliyofanana tumeyaunganisha. La mbabula (jiko la makala) limepata nafasi kubwa kwa sababu ndilo gumu.

Sina mizani. Naomba vipimo vya gilasi na vijiko, vya kutosha watoto wanne. (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, chukua gilasi moja ya ml 200 na uitumie hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho. Farini ya ngano gilasi 2 na robo, ukiijaza kwa kijiko bila kushindilia; hiyo ni karibu gramu 250. Maziwa gilasi 2. Mayai 2. Siagi gramu 100 iliyoyeyushwa, au mafuta ya kupikia vijiko 6 vya supu. Sukari vijiko 2 vya supu, chumvi nusu kijiko cha chai, na levire ya keki (poda ya kuumua) kijiko 1 na nusu cha chai. Utapata gofri kama 8.

Vikavu vichanganye peke yake. Kwenye bakuli lingine piga viini vya mayai na maziwa, kisha tia siagi. Mimina vya maji juu ya vikavu na ukoroge kwa mwiko mpaka usione farini kavu, halafu acha. Madonge madogo yasikusumbue, yataisha yenyewe. Anayekoroga mpaka uji uwe laini kabisa ameshaanza kukanda: ngano inavuta kama ya chapati, na gofri inatoka ngumu kama mpira. Mwisho piga ute wa mayai mpaka usimame, uuingize kwa kugeuza taratibu kutoka chini kwenda juu, mara kumi hivi zinatosha. Uji ukiwa tayari unateremka kwenye upawa polepole, kama uji mzito wa mtoto.

Angalia joto la maziwa. Yale ya ng'ombe yanayoletwa mbichi lazima yachemke kwanza, halafu yapoe. Yakiwa bado moto yanapika viini ndani ya bakuli. Yakiwa baridi ya friji, siagi inaganda vipande vipande. Maziwa ya unga yanafaa vizuri: gramu 50 kwa maji gilasi 2.

Nilitia levire kijiko kizima, nikapika papo hapo, gofri zikatoka bapa na zina harufu ya pombe. Kosa ni nini? (Kadutu, Bukavu)

Ulitia levire ya mkate. Dukani zote mbili zinaitwa levire, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Ya keki ni poda nyeupe laini, inatoa hewa mara ikigusa maji na moto. Ya mkate ni chembechembe za rangi ya kahawia, ni kitu hai na kinahitaji muda.

Lakini usiitupe, kwani gofri yenye ladha nzuri zaidi ndiyo hiyo ya levire ya mkate. Jioni changanya farini, maziwa ya uvuguvugu yaliyochemshwa, siagi, sukari, chumvi na levire ya mkate kijiko 1 cha chai. Uvuguvugu maana yake kidole kinakaa ndani bila kuungua. Maziwa ya moto yanaiua. Funika, uache usiku kucha mahali pa baridi. Bakuli liwe kubwa, uji unapanda mara mbili na zaidi, na asubuhi hakuna anayependa kuukuta mezani. Mayai yasilale humo: yatie asubuhi, pamoja na robo kijiko cha chai cha bikabonati, kisha pika.

Neno moja kwa wanaofuata vipimo vya Ulaya. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Lubumbashi kama mita 1,200. Huku juu hewa inabana kidogo kuliko pwani, kwa hiyo levire ya keki inatanua uji haraka na kwa nguvu, kisha gofri inaanguka kabla haijashika. Ndiyo sababu tumeandika kijiko 1 na nusu. Huko wangetia 2.

Nina gofrie ya chuma ya zamani, ya kugeuza kwa mkono. Kila nikiifungua gofri inapasuka, nusu juu nusu chini. (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Yaya, gofri ikipasuka hivyo kuna sababu tatu: chuma hakijazoeshwa mafuta, hakijapata moto wa kutosha, au umefungua mapema. Mara nyingi zinakuja zote pamoja.

Anza na chuma chenyewe. Kioshe, kikaushe juu ya moto mpaka unyevu wote utoke kwenye vishimo. Kipake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, halafu kipanguse kana kwamba unataka kuyaondoa. Yakibaki mengi yanageuka gundi. Kifunge, kiweke motoni mpaka kitoe moshi, kiache kipoe. Rudia mara tatu. Baada ya hapo usikisugue tena kwa sabuni na chuma cha kusugulia. Brashi kavu inatosha.

Sasa moto. Usipike juu ya makala yanayowaka. Ngoja mpaka yavae majivu meupe, yatandaze yawe sawa, kisha pasha gofrie dakika 3 upande huu na 3 upande ule. Dondosha tone la maji: likikaa na kuchemka polepole, bado, likirukaruka na kuisha kwa sekunde 2 au 3, sawa, ukiona mafuta yanatoa moshi mara tu unapoyapaka, umezidisha, inua gofrie kidogo. Paka mafuta kwa kitambaa safi kilichofungwa kwenye uma, kila kona ya kila kishimo, juu na chini. Margarini ya kupaka mkate haifai kazi hii, ina maji na inaacha masizi ya kahawia ambayo ndiyo yatakayonasa gofri ijayo.

Mimina upawa mmoja, usijaze mpaka ukingoni. Funga, hesabu mpaka kumi na tano, geuza. Kugeuza huku kwa mapema kunafanya uji uteremke na kujaza vishimo vya upande wa juu ungali maji. Halafu dakika 2 kila upande, na hapo tazama mvuke. Mwanzo unatoka kwa wingi pembeni. Ukipungua mpaka uzi mwembamba, maji yameisha kwenye ngozi ya gofri, na ngozi kavu inajibandua yenyewe. Ukivuta na chuma kikakataa, usilazimishe. Iache nusu dakika nyingine.

Gofri ya kwanza itaharibika hata kwa fundi. Inakunywa mafuta ya ziada, mpe mbuzi au mwenye njaa. Ikiwa ya tatu bado inanata, punguza sukari: ikizidi inayeyuka, inakuwa karameli, na karameli ni gundi.

Na kazi hii ifanyie uani au barazani. Makala yenye majivu meupe hayatoi moshi, lakini bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na baridi ya Goma ya asubuhi inamshawishi mtu kufunga mlango.

Gofrie yangu ya umeme inapika vizuri mchana, lakini saa moja ya jioni gofri zinatoka nyeupe na laini. Imeharibika? (Kampemba, Lubumbashi)

Hapana, umeme ndio uliolegea. Joto la kifaa kama hiki linashuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Umeme wa volti 220 ukishuka hadi 180, gofrie ya wati 1,000 inabaki na wati 670 hivi. Taa ya kijani itawaka kwa kuchelewa, na kila gofri inakula joto lisilorudi upesi. Kwa hiyo pasha dakika 10 badala ya 5, punguza uji unaomimina, na baada ya kila gofri funga gofrie tupu kwa dakika 2. Ralonji (waya wa kurefushia umeme) nyembamba na ndefu inaiba volti nyingine. Ikiwa ya moto ukiigusa, ichomoe.

Kwa aliyeuliza kuhusu betri ya sola: wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Rudi kwenye makala.

Namfungia mtoto gofri za shule, zinafika zimelowa. (Ibanda, Bukavu)

Usizipange moja juu ya nyingine zikiwa moto, wala kwenye sahani, kwani mvuke unaotoka unarudi ndani. Zisimamishe kwa ubavu kwenye waya au ungo mpaka zipoe kabisa, ndipo ufunge, kwenye karatasi. Ukitaka zikae kavu zaidi, toa farini vijiko 3 vya supu na uweke maizena (wanga laini wa mahindi) vijiko 3. Zile za jana zinarudi vizuri ndani ya gofrie yenye moto, dakika 1, bila mafuta.

Naweza kutumia unga wa muhogo? (Bagira, Bukavu)

Robo ya farini, ndiyo, na gofri inazidi kukauka nje. Ukipita nusu inakuwa nzito na ya kunata katikati, maana muhogo hauna kile kinachoshika hewa ya levire. Wa mahindi vivyo hivyo, lakini loweka kwanza kwenye maziwa ya moto dakika 15, usubiri yapoe, usije ukatafuna mchanga. Wasomaji wa Lubumbashi, mkisoma «unga» kwenye mapishi ya watu wengine, hakikisheni ni ngano. Ule wa bukari (ugali) peke yake hautoi gofri.