Wametuzunguka, Mungu yuko wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Tuko Kisauni, nyumba yetu lakini ardhi si yetu, sasa kuna mtu kaja na vijana ati shamba ni lake tutoke kabla ya Ijumaa. Naomba kila usiku sioni kitu, Mungu anasikia kweli? Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Hiyo ya nyumba bila ardhi huku Pwani twaijua sote. Soma 2 Wafalme 6, jeshi la Shamu limezunguka Dothani usiku, mtumishi wa nabii Elisha kaamka asubuhi anaona farasi kila upande anapiga mayowe, kumbe mlima umejaa magari ya moto ila yeye hayaoni, na Elisha wala hakuomba jeshi la Mungu liletwe, aliomba kijana afunguliwe macho tu.

Lakini kuomba halafu ukae kitako mimi sikubali! Sheria yataka notisi ya maandishi ya miezi 3, hiyo Ijumaa yake ni vitisho. Piga ripoti polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha majirani nyote mchangie wakili mwende kortini mapema.