Bati la zinki halifai ndani ya tenki la mafuta

Tenki langu la akiba linabeba lita 120 za dizeli. Likijaa, mafuta peke yake yana uzito wa kilo mia hivi, sawa na mifuko miwili ya saruji. Sasa fikiria mifuko hiyo miwili ni maji: ukifunga breki inakimbilia mbele, ukiongeza mwendo inarudi nyuma, ukikata kona inalalia upande. Ndiyo maana tenki kubwa linahitaji kuta za ndani, yaani vipande vya shiti vinavyoligawa vyumba viwili au vitatu na kuyaacha mafuta yapite polepole. Bila kuta hizo gari linayumba, na mafuta yakiwa yamebaki kidogo pampu inavuta hewa mlimani.

Tenki la kwanza nilitengenezewa na fundi wa mtaani hapa Arusha. Mwili wake ulikuwa shiti nyeusi, yaani chuma cha kawaida kisichopakwa zinki, ya milimita 2, kazi nzuri kabisa. Ilipofika zamu ya kuta za ndani, nilichagua mwenyewe bati lenye zinki kwa sababu halipati kutu, na fundi akakubali. Sote wawili tuliwaza kutu tu. Hakuna aliyejiuliza zinki inafanya nini ikilala ndani ya dizeli usiku na mchana.

Miezi minne baadaye gari lilianza kukosa nguvu kila nikipanda. Nilifungua filta nikakuta utelezi wa kijivu, kama kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye maji. Nikaweka filta mpya. Wiki tatu haikufika, imeziba tena. Nikadhani ni mafuta machafu, nikahama kituo, kisha nikahama tena. Mwisho nilimwaga tenki lote, nikaingiza taa na kioo kidogo kupitia tundu la geji, na hapo nikaona: kuta zilikuwa zimepoteza mng'ao, zimefunikwa na unga uleule wa kijivu.

Maelezo yake ni haya. Dizeli inapokaa, hasa ikiwa na unyevu, hutengeneza asidi kidogo kidogo. Asidi hizo zikikutana na zinki huzaa kitu ambacho wakemia wanakiita sabuni ya zinki, na kweli ni sabuni. Kinachobaki kwenye filta kinaziba filta, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kile kilichoyeyuka kinapita hadi kwenye nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini, kinaganda kwenye matundu yake membamba. Injini ya zamani ya pampu ya kawaida inaweza kuvumilia kwa muda. Hizi mpya za reli moja yenye shinikizo kubwa (common rail) hazivumilii, na bei ya nozeli zake unaijua.

Kwa hiyo kabla fundi hajakata, tazama shiti juani. Bati la zinki mara nyingi lina maua maua ya fedha usoni, kama barafu iliyoganda kwenye kioo. Shiti nyeusi ina rangi ya samawati iliyofifia na mafuta mafuta juu yake. Usiangalie kuta peke yake. Wengi wanatengeneza shingo ya kujazia mafuta kwa bomba la maji la chuma, nalo pia limepakwa zinki ndani na nje. Bomba la shaba la kuvutia mafuta nalo halifai kwenye dizeli, kwani shaba huharakisha mafuta kuchacha na kutoa utomvu unaonata.

Ninachokushauri ni kutengeneza ukuta kwa madini yaleyale ya tenki. Tenki la shiti nyeusi, ukuta wa shiti nyeusi. Tenki la alumini, ukuta wa alumini. La chuma cha pua vivyo hivyo. Chini ya kila tenki hukusanyika maji kidogo, kwa sababu usiku hewa iliyomo ndani inapoa na kutoa jasho. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji hayo, moja linalila lingine. Kuhusu alumini, kuna aina inayoitwa 5052 inayotumika sana kwa matenki, nyepesi na haina shida na dizeli, lakini inataka mchomeleaji wa TIG (umeme na gesi ya kukinga) mwenye mkono uliotulia, maana mshono mbaya wa alumini unapasuka haraka kwa mtikisiko. Kama fundi wako hana uzoefu huo, kaa na shiti nyeusi. Na usipake rangi ndani. Rangi itabanduka, na vipande vyake vitaishia kwenye filta.

Wakati nasubiri tenki la pili, rafiki yangu anayeendesha gari la mashindano la petroli aliniuliza kama anaweza kukata sponji ya godoro na kuijaza kwenye tenki lake badala ya kuta. Alikuwa ameona matenki ya mbio yana sponji ndani. Sikutaka kumjibu kwa kukisia, kwa hiyo tulifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Tulichukua chupa za kioo zenye vifuniko, tukazijaza petroli nusu, na kila moja tukaitia kipande cha kitu kimoja. Tuliziweka kivulini nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto, kwa wiki sita.

Sponji ya godoro ilivimba, na nilipoibana kwa vidole ilikatika. Mpira wa tyubu ulivimba hadi sikuutambua. Silikoni ya kuzibia madirisha ilivimba na kubanduka kwenye kipande cha chuma tulichokuwa tumeipaka. Mpira wa maji wa plastiki angavu ulitoka mgumu kama kijiti, maana petroli ilikuwa imenyonya kile kinachoulainisha. Povu jeupe la kufungia televisheni halikusubiri wiki sita. Liliyeyuka tukiwa bado tumesimama. Shiti nyeusi na kipande cha alumini vilitoka kama vilivyoingia.

Sponji ya matenki ya mbio ni kitu kingine kabisa. Imetengenezwa kwa ajili ya mafuta, matundu yake yote yamefunguliwa ili mafuta yapite, na inachukua sehemu ndogo tu ya ujazo. Hata hiyo ina umri. Ile ya poliesta huharibika upesi kwenye joto na unyevunyevu, hivyo mtu wa Tanga au Mombasa aikague mapema kuliko wa Arusha. Ikianza kumeguka, itoe yote.

Jaribio la chupa lifanye kwa mafuta utakayotumia kweli. Malawi wanachanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982, na Zimbabwe nao wanachanganya. Ethanoli inalainisha faibaglasi ya kawaida na inavuta maji. Ukisafiri kusini na tenki la petroli lililozibwa kwa faibaglasi, tatizo litakukuta njiani.

Nirudi kwenye tenki langu la pili, kwa sababu shiti sahihi pia ilinishinda mara moja. Fundi alichomelea ukuta mfululizo hadi kwenye pembe. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda geti la Naabi la kuingilia Serengeti ina mawimbi kama bati la nyumba, na baada ya safari kadhaa pembe ile ilipasua mwili wa tenki. Tulipolirudia tulikunja kingo za ukuta, tukazungusha pembe zake, tukachomelea kwa vipande vifupi vyenye nafasi katikati, na kumalizia mbali na pembe. Chini tuliacha pembe mbili zilizokatwa kwa milimita 25 ili mafuta na maji yafike kwenye nati ya kumwagia. Juu tuliacha nafasi kama hiyo ya hewa. Bila hiyo dizeli inatoa povu na kukurudia usoni ukijaza. Hatukutumia riveti, kwani ule msumari wake wa ndani huchomoka kwa mtikisiko na kuzurura tenkini. Wala hatukutumia vijiti vya kuchomelea, maana ganda lake hubanduka baadaye. Tulitumia waya wenye gesi.

Jambo moja nakuomba kwa moyo wote: usikate tenki lililowahi kubeba mafuta ili kulitia kuta. Tenki lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 tu ya hewa, na matone yaliyojificha kwenye mshono yanatosha. Dizeli nayo hutoa mvuke pindi inapoguswa na moto wa kuchomelea. Nimesikia mafundi wakisema wameosha kwa sabuni, au wameingiza moshi wa ekzosi. Usikubali. Nunua shiti mpya, tengeneza tenki jipya. Ni shilingi nyingi, lakini yule fundi ana watoto.

Tenki likikamilika, pima uvujaji kwa maji ya sabuni na hewa ndogo sana, kama psi 3. Kompresa ikifunguliwa yote itatunisha tenki. Lisafishe, lijaze, tembea kilomita 500, kisha toa filta uipasue uone karatasi yake. Mimi filta ya kwanza ilikuwa na chembe chache za chuma za kazi ya kukata. Nilipasua ya pili baada ya kilomita 5,000, na karatasi ilikuwa safi.