Anayekulipa, yeye analipwa na nani?

Wiki tuliyofukuzwa kazi, wasomaji wetu walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Watu huwa hawaniamini nikiwasimulia hili. Ilikuwa San Francisco, mwanzoni mwa 2001, nami nilikuwa mhariri wa zamu ya usiku kwenye jarida moja la intaneti. Kila asubuhi kabla ya kwenda kulala nilibandika ukutani karatasi yenye idadi ya waliotusoma jana yake. Siku ile idadi ilikuwa imepanda tena. Mchana nikaamshwa na simu: njoo uchukue vitu vyako.

Nayakumbuka haya kwa sababu mpwa wangu wa Dar, mwenye chaneli ya uchambuzi wa mpira, ameniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimefikisha wafuatiliaji elfu arobaini, mwezi ujao naacha kazi." Nikamuuliza wadhamini wake ni akina nani. Ni wawili, akajibu, na wote ni kampuni za kubeti.

Basi mpwa wangu, kaa nikusimulie.

Wengi wakilitaja anguko la kampuni za doti komu, yaani zile za intaneti za enzi hizo, husema zilikuwa za kipuuzi. Kweli, zipo zilizokuwa hivyo. Theglobe.com iliingia soko la hisa Novemba 1998 kwa dola 9 kwa hisa, ikafunga siku hiyo hiyo kwa dola 63.50, na Agosti 2001 tovuti yake ikazimwa. Lakini majarida ya intaneti yalikuwa na waandishi hodari na wasomaji wa kweli. Ugonjwa ulikuwa kwa mlipaji. Mabango ya matangazo yaliyojaa kwenye kurasa zetu yalikuwa ya doti komu wenzetu: wauza tiketi, wauza vitabu, wauza chakula cha mbwa. Wale hawakutulipa kutokana na faida, maana faida hawakuwa nayo. Walitulipa kwa fedha za wawekezaji wao, nasi tukachukua fedha za wawekezaji wetu tukanunua matangazo kwao. Wengine hata hawakulipana: weka bango langu nami niweke lako, kisha kila mmoja anaandika mauzo kwenye hesabu zake bila senti kutoka mfukoni. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini sisi daftari tulikuwa nalo, tena safi kabisa. Lilikuwa linatudanganya.

Machi 10, 2000 kipimo cha hisa cha Nasdaq, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, kilifunga juu ya 5,000. Oktoba 2002 kilikuwa karibu 1,100. Wawekezaji walipofunga mikoba, wateja wetu wa matangazo walikufa kwa mkupuo.

Hata waliobaki hawakututosha. Matangazo ya intaneti Marekani yaliingiza takriban dola bilioni 8.1 mwaka 2000, bilioni 7.1 mwaka 2001 na bilioni 6 mwaka 2002. Wakati huo huo kurasa za kuwekea matangazo zilikuwa zikiongezeka kila siku. Gazeti la karatasi lina nafasi ya kuhesabika, lakini kwenye intaneti kila anayefungua tovuti anaongeza nafasi, kwa hiyo bei ya bango ikaporomoka. Na kila msomaji mpya alitugharimu, kwani seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, na njia za intaneti zililipiwa kulingana na wingi wa matumizi. Ile karatasi niliyoibandika kwa majivuno ilikuwa bili.

Kwa nini hatukuwatoza wasomaji? Wenzetu walijaribu. Jarida la intaneti la Slate walianza kutoza dola 19.95 kwa mwaka mnamo 1998, wakaacha mwaka uliofuata. Jarida jingine, Salon, walianzisha huduma ya kulipia mwaka 2001, dola 30 kwa mwaka, na bado Novemba 2002 hisa zao ziliondolewa Nasdaq. Kumtoza mtu senti 25 kwa makala moja kulikuwa kazi bure, maana makato ya kadi ya benki yalizimeza. Gazeti la biashara la Wall Street Journal lilitoza wasomaji wa tovuti yake tangu 1996 na likadumu. Msomaji wake alikuwa anatafuta kitu cha kumsaidia kupata fedha, si cha kupitishia muda. Google nao walizindua AdWords, huduma yao ya kuuza matangazo kwenye utafutaji, Oktoba 2000. Anayetafuta "viatu" yuko tayari kununua viatu. Aliyekuja kusoma insha yangu ya kurasa sita alikuwa na muda wa kupoteza tu.

Somo hilo nililipata kwa njaa. Mwaka 2002 mimi na mwenzangu tuliyefukuzwa naye tulianza kutuma barua pepe ya kila wiki kwa wenye migahawa midogo: kanuni za afya za kaunti zilizobadilika, bei za jumla za mafuta na nyama. Ilikuwa inachosha kuandika, sikufichi. Lakini watu mia tatu na kidogo walilipa dola 60 kwa mwaka, na kodi ya nyumba ikalipika.

Kwa hiyo mpwa wangu, elfu arobaini zako nazipongeza, ila wadhamini wawili wa biashara moja ni mdhamini mmoja. Mwaka 2019 kampuni ya kubeti ya SportPesa walipokwama na leseni Kenya, walisitisha udhamini wao nchini, na klabu za Gor Mahia na AFC Leopards wakaachwa kwenye mataa pamoja. Usiache kazi mwezi ujao. Tafuta kwanza watu mia mbili watakaokutumia wenyewe shilingi elfu mbili kwa mwezi kwa simu, njia ambayo sisi hatukuwa nayo. Makato yapo, yahesabu kabla hujapanga bei. Hao mia mbili wasipopatikana, bora ujue ukiwa bado na mshahara.

Na namba za simu za watu wako ziandike kwako, usizitegemee chaneli. Kazi zako nazo zihifadhi. Jarida letu lilipofungwa, seva ziliuzwa na kila kitu kikapotea. Katika makala zangu zote za miaka ile nimebakiwa na kumi na moja, zile nilizochapa kwenye karatasi na kumtumia mama Tanga kwa posta.