Fikasi ikifika darini, kata bila woga lakini bakiza majani

Fikasi yangu, mti wa mapambo wa kuweka ndani, niliinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, ikinifika kiunoni tu. Niliiweka sebuleni, hapa Jinja, Uganda, karibu na dirisha, na miaka sita baadaye ilikuwa imegusa dari. Upande wa dirishani ulijaa majani tele, upande wa ukutani ulikuwa vijiti vitupu, na wageni walikuwa wakiinama ili wapite. Nami niliogopa kuikata, kwa sababu mara ya kwanza nilipoijaribu nusura niiue.

Mara hiyo nilikata matawi matatu mpaka kwenye sehemu tupu isiyo na jani hata moja, kisha siku hiyohiyo nikautoa mti barazani ukapate hewa. Jua letu la hapa si la mchezo. Mti uliozoea kivuli cha ndani uliungua majani, na yaliyosalia yakapukutika kwa wiki mbili. Fikasi haipendi kuhamishwa ghafla, wala kukatwa na kuhamishwa kwa pamoja. Yale matawi matatu hayakuchipua tena. Majani ndiyo yanayolisha tawi, kwa hiyo kila tawi unalofupisha liachie majani machache.

Aliyeniondoa hofu ni mzee jirani yetu, mtu wa Masaka. Aliutazama mti akaniambia, "Nyabo (yaani mama), huyu ni ndugu yake mutuba." Kweli ni jamii moja. Mutuba ndio mti ambao Waganda huuchuna gome kutengeneza olubugo, yaani kitambaa cha magome, wakaufunga shina kwa majani ya mgomba, nao ukaota gome jipya la kuchunwa tena. Mti wa ukoo huo hauuawi na mkasi.

Nikasubiri mvua za Machi, mti unapokua kwa nguvu. Nilitandaza magazeti sakafuni, maana fikasi ikikatwa hutoa maziwa meupe yanayonata, na yakiingia kwenye zulia hayatoki. Vaa glavu. Maziwa hayo huwasha ngozi, na kwa mtu mwenye mzio wa mpira ni hatari zaidi. Watoto na paka wakae mbali. Jeraha likitiririka, lipanguse kwa kitambaa chenye maji, litakoma lenyewe.

Mkasi uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla ya kuanza. Anza na matawi makavu, kisha yale yanayosuguana. Ndipo ushughulikie urefu. Kata juu kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, na uchague kifundo kinachoelekea nje, kwa kuwa chipukizi litafuata upande huo. Mimi kila baada ya matawi mawili matatu nilirudi nyuma hadi mlangoni nikautazama mti mzima, kwani ukiwa umesimama chini yake huoni umbo lake. Usizidishe theluthi moja ya majani kwa mara moja. Mti wangu ulihitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo nilirudi kuumalizia mwezi wa Juni.

Baada ya kukata, punguza maji, kwa sababu majani yamepungua na mti haunywi kama zamani. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, acha. Mbolea isubiri mpaka machipukizi yaonekane; kwangu yalitokea baada ya wiki nne hivi. Chungu nakigeuza robo mzunguko kila wiki, na upande wa ukutani sasa una majani.

Vipande vyenye urefu wa kiganja, vikiachiwa majani mawili matatu juu, huota mizizi kwenye udongo wenye unyevu vikifunikwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Vyangu viwili vimeshika. Ukitaka kupanda chako uani, kiweke mbali na ukuta, mabomba na shimo la choo. Mizizi ya fikasi iliyo huru hupasua saruji.